Kwa Mama Mkwe Niliyetazama Naye Vipindi vya Wamarekani

Mama,

Juzi Nyambura, mkubwa wetu, aliniuliza swali kukuhusu, nikamjibu, na tangu nimjibu sijatulia. Kwa hivyo nimeketi hapa kwenye meza ya kulia, wasichana wako shuleni, binti yako Wanjiku yuko kazini mjini, nikueleze mwenyewe nilichosema. Kama nilikosea, nimekosea kwako, si kwa mtu mwingine.

Lakini wewe ulipenda habari kwanza, maneno mazito baadaye, baada ya chai.

Basi habari. Miezi mitatu sasa tangu tukuzike. Nduma zako shambani kule Wangige anaziangalia Kariuki, kitinda mimba wako, ingawa ananyunyiza maji kama mtu aliyeshikiwa kiboko. Wangari wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kupigwa picha. Yule dada wa mazoezi ya magoti kule Westlands alipiga simu kuuliza mbona siku hizi huji. Nikamwambia. Nikamsikia akilia, mtu uliyekuwa ukimwita mtesaji. Na mimi nimepata kazi, Mama. Naanza mwezi ujao, bima tena, jengo lile lile karibu na Kenyatta Avenue ila orofa nyingine. Wanjiku alicheka akasema nani sasa atapika. Nikamwambia nitapika nikirudi. Sikuwa natania.

Nakumbuka ulivyokuja. Ulishuka kwenye gari hapa Mountain View na begi moja na kikapu, ukasema ni wiki mbili tu, magoti yapate nafuu. Ukakaa karibu miaka miwili. Na mwezi ule ule uliokuja ndio mimi nilioachishwa kazi. Kila asubuhi Wanjiku anaenda, wasichana wanaenda, tunabaki wawili: mtu na mama mkwe wake, ndani ya nyumba moja, mchana kutwa.

Kwa lugha yetu mkwe ni muthoni, na ndani ya neno hilo kuna thoni, yaani haya. Sisi wawili hata jina letu limetokana na haya. Wiki za kwanza ulikuwa unakohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango wa chumba chako, ili nijue unatoka. Mimi nilikuwa nafunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni, hata nikiwa naosha choo. Na kwa kuwa mtoto wetu wa pili ana jina lako, alipokosea nilishindwa kumgombeza. Nitapigaje kelele "Wangari, mjinga wewe!" na Wangari mwenyewe ameketi pale kwenye kochi? Nikawa namwita "wewe" tu, na yeye akajua kwamba Shosho akiwepo hakuna kugombezwa.

Runinga ndiyo iliyotuokoa. Watu wawili wakitazama kitu kimoja hawalazimiki kutazamana.

Ulikuwa unapenda vile vipindi vya zamani vya Wamarekani vya kuchekesha, vilivyorudiwa saa nane mchana. Kiingereza chako kilikuwa cha sokoni, kwa hivyo mimi nilikutafsiria kutoka jikoni huku nakata mboga za sukuma. "Anasema nini huyo?" "Anasema amesahau mtoto dukani." Kila siku kulikuwa na baba mmoja mnene asiyejua lolote. Anaunguza sufuria, anamvisha mtoto nepi mgongoni, anafua nguo nyeupe na soksi nyekundu. Mke wake ni mwembamba, mwerevu, nywele zimechanwa, jikoni kwake hakuna hata tone. Anaingia, anatikisa kichwa, watu wasioonekana wanacheka. Na wewe unacheka nao, mpaka unatoa leso.

Mama, leo nikuambie nilivyokuwa nikisikia. Nimevaa aproni ya binti yako, ugali wangu una madonge, sina kazi, na mama mkwe wangu anakufa kwa kicheko kwa sababu ya mwanamume aliye jikoni. Nilivumilia majuma mengi. Siku moja maharagwe yalishika chini, nyumba nzima ikanuka moshi, na pale kwenye runinga yule mnene naye alikuwa ameunguza kitu. Ulicheka ukapiga paja. Nilitoka na mwiko mkononi, nikazima runinga, nikarudi jikoni.

Ulikula chumbani kwako siku tatu. Nilikuwa nakuletea sahani mlangoni, nabisha, naiweka kwenye kigoda, naondoka. Wanjiku aliuliza kuna nini, nikamwambia magoti.

Siku ya nne ulikuja mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, ukashikilia fremu. Hukuwahi kusogea hapo nikiwa ndani. Ukasema, "Baba Nyambura, unafikiri mimi namcheka nani?"

Nikachukua kitunguu.

"Mume wangu nilikaa naye miaka arobaini na mbili. Hakuwahi kuingia kwa jikoni yangu hata kutafuta kiberiti. Nikiwa nimejifungua, alikuwa anasimama nje anauliza chakula kiko wapi. Sasa naona huyu mnene. Anaunguza, anamwaga, lakini ameingia! Mimi nacheka kwa sababu ameingia." Kisha ukatazama sufuria yangu. "Na wale Wamarekani ni waongo. Mtu akipika kila siku hujifunza. Wewe ulianza vibaya, lakini maharagwe ya jana yalikuwa mazuri."

Ukarudi kwenye kochi na kuwasha runinga. Nadhani hukujua nilisimama pale muda gani nikiwa nimeshika kitunguu, macho yananitoka maji, na kitunguu chenyewe sikuwa nimekikata.

Ila kulikuwa na ile shida nyingine, ya jioni. Vipindi vya jioni havikuwa vya baba mnene. Vilikuwa vya mawakili na maaskari na watu matajiri wenye madirisha makubwa, na bila onyo lolote mtu anaanza kuvua nguo. Mara ya kwanza niliruka kutafuta rimoti, ikaanguka, betri zikaingia chini ya kochi, na mimi magotini nazipapasa huku mwanamke anaendelea kuvuliwa juu ya kichwa changu. Wewe ulianza kuuliza kwa sauti kubwa kama mvua itanyesha. Baada ya hapo nikapata dawa. Nikiona wawili wameanza kuangaliana vibaya, nasema, "Acha nione maziwa," nakimbilia jikoni. Mambo yakiisha unaniita, "Baba Nyambura, maziwa yameshuka?" Nyambura akatuambia siku moja kwamba hakuna nyumba Nairobi yote inayochemsha maziwa kama hii.

Nilifikiri wewe ulikuwa unafumba macho. Kumbe ulikuwa unatazama kwa makini kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye. Asubuhi, mbele ya chai, ulikuwa unaniuliza maswali huku umeangalia dirishani ili tusione aibu. "Kwa nini ni mwanamke anavuliwa na mwanamume bado amefunga tai? Yeye peke yake ndiye anasikia baridi?" Na lile la shuka, ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka: "Wakilala, shuka ya mwanamke imefika kwapani na ya mwanamume imeishia kiunoni, na ni shuka moja. Hiyo hushonwa wapi?" Wewe uliyeshona mashuka ya nyumba yako yote kwa mkono.

Halafu siku ile ya mama wa Kimarekani aliyekuwa ananyonyesha kwenye kile kipindi cha familia za kweli. Walikuwa wamempaka ukungu kifuani, ile michoro ya kuficha. Ukadhani runinga imeharibika. Nikakueleza kwamba wamemfunika makusudi, kwao si adabu. Usiku uliotangulia tulikuwa tumeona mtu akichomwa kisu, damu ikaonyeshwa mpaka tone la mwisho, na msichana aliyeuawa akalazwa mezani bila nguo, na hakuna aliyempaka ukungu. Ukasema polepole, "Kwa hivyo mtoto akinyonya ndiyo aibu." Ulikuwa umenyonyesha sita sokoni Wangige, kati ya magunia, mchana, mbele ya kila mtu aliyenunua viazi.

Na siku nyingine, bila kuulizwa: "Wazee wao hawaogi? Sijawahi kuona mwanamke wa umri wangu akioga kwa hiyo tivii."

Sikuwa nimewahi kujiuliza.

Sasa nifike kule ambako hatukuwahi kurudi kwa maneno, mimi na wewe.

Ilikuwa Julai, ile baridi inayoingia kwenye mifupa. Saa nne asubuhi. Nilisikia kishindo bafuni, kisha ndoo ikiviringika. Nikakimbia mpaka mlangoni.

"Usiingie!" ukasema.

Nikasimama. Nikauliza umeumia wapi. Ukasema mkono, na kwamba huwezi kuinuka, magoti yamekataa. Nikampigia Wanjiku, alikuwa kwenye mkutano. Nikampigia jirani, alikuwa ameenda Kangemi sokoni. Nikakuambia. Ukasema, "Nitangoja." Maji baridi yalikuwa bado yanatiririka. Nilisikia meno yako yakigongana, Mama, kupitia mlango. Nilikaa chini kwenye korido, mgongo ukutani. Nikahesabu muda atakaotumia Wanjiku kutoka mjini hata angeshika simu wakati huo. Ilikuwa saa nzima, kama barabara iko wazi, na Waiyaki Way haijawahi kuwa wazi kwa mtu mwenye haraka.

Nikasema, "Mama, naingia na shuka. Nitafunga macho."

Ukasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, ya uchovu lakini karibu ya kicheko: "Ukifunga macho utaniangusha mara ya pili. Ingia kama mtu anayeona."

Nikaingia nikiona.

Sijawahi kuandika wala kusema nilichokiona. Nakiandika sasa kwa sababu ndicho nilichomwambia Nyambura, na lazima ujue.

Niliona mikono iliyochomwa na jua mpaka kwenye viwiko, na juu ya hapo mabega laini ambayo jua halijawahi kuyagusa, kama ya msichana. Niliona tumbo lililokaliwa na watoto sita, mistari yake imeenda kila upande, na kovu refu la Kariuki aliyetolewa kwa kisu. Niliona matiti yaliyofanya kazi na kustaafu. Sabuni ilikuwa bado nyweleni. Na jambo la kwanza nililofikiri, unisamehe, ni kwamba nimetazama runinga tangu nikiwa mtoto, nimeona wanawake uchi wengi kuliko ninavyopaswa kumwambia mama mkwe, na sikuwa nimewahi kuona mwili wa mtu.

Jambo la pili lilikuwa kwamba unasikia baridi.

Nikafunga maji. Nikakufunika. Nikafuta sabuni isikuingie machoni, nikakuinua, nikakukausha miguu, nikakuvisha nikianza na soksi kwa sababu vidole vilikuwa vimebadilika rangi. Ndani ya gari ulitazama dirishani mpaka hospitalini. Walipomaliza kukufunga plasta kwenye mkono, ukasema bila kunigeukia, "Hiyo ibaki pale bafuni."

Nikasema, "Imebaki."

Wanjiku aliporudi ukamwambia ulijiinua mwenyewe. Mimi nikatingisha kichwa kukubali. Na kwa wiki mbili ulirudi kukohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango. Hilo liliniuma kuliko unavyojua. Nilifikiri tumepoteza kila kitu, chai, maswali, yule mnene, kwa sababu ya dakika kumi.

Kisha wakaja akina mama wa kanisa kukuombea, ile Jumapili alasiri. Mimi nilikuwa jikoni na mandazi, Wanjiku anamimina chai sebuleni. Nilisikia mmoja wao, yule mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, akikuambia kwa upole kwamba si vizuri, mama mzima kushinda peke yake na mkwe wake wa kiume, watu wataonaje, atafutwe msichana wa kukuangalia.

Ukaweka kikombe chini. Nilisikia kikigusa kisahani.

"Huyo mkwe," ukasema, "ndiye aliyenitoa bafuni nikiwa vile Mungu aliniumba. Sikujiinua. Nilimdanganya hata binti yangu. Alinikausha miguu kama mtoto wake. Sasa niambieni, ni nani kati yenu ana kijana wa kumfanyia hivyo?"

Nilisimama na kijiko cha mafuta juu ya karai. Kisha mmoja akacheka, yule mzee kuliko wote, akasema wa kwake hangeweza hata kupata taulo iko wapi. Wakaanza kucheka wote, na baada ya kicheko wakaanza kuongea kweli: nani alianguka wapi, nani alilala sakafuni mpaka jioni kwa sababu aliona haya kuita. Mmoja alilia. Sidhani kama mliomba tena siku hiyo.

Wanjiku aliingia jikoni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Haikuwa yangu ya kusema."

Akazima jiko, kwa sababu mandazi yalikuwa yanaungua, na akaniegemea mgongoni, akabaki hapo.

Kesho yake ulifungua mlango bila kukohoa.

Ulirudi kwako Wangige mkono ulipopona, ukafa kama ulivyotaka, kwenye kiti chako, baada ya chai. Asubuhi ya kukuvisha, Wanjiku na dada zake waliingia, mimi nikabaki nje nimeshika begi la nguo. Ndivyo ilivyotakiwa. Siku ile ya Julai ulinipa ruhusa, na hii sikuwa nayo. Kwenye mazishi walinipa dakika mbili kwa niaba ya wakwe. Nikasema ulikuwa mkarimu, nikasema ulipenda kanisa, nikakaa. Wanjiku alinitazama kana kwamba nimesoma karatasi ya mtu mwingine.

Basi sasa Nyambura.

Mwalimu wake alipiga simu. Kumbe muhula mzima hajaingia kwenye somo la kuogelea, kila wiki tumbo linauma. Nilimuuliza jioni, akafunga mlango. Wanjiku akajaribu, mlango ukabaki umefungwa. Ilikuwa juzi, tukitandaza nguo mimi na yeye, ndipo alipotoa. Ana mistari mgongoni. Amerefuka haraka mwaka huu, ngozi haikumfuata. Msichana mmoja aliiona na kusema kitu. Na kwenye simu anatazama kipindi cha shule ya Wamarekani, wasichana wa umri wake hawana mstari, hawana chunusi, hawana hata goti jeusi.

Nikamwambia yule anayemwona ni mwanamke wa miaka ishirini na mitano amevishwa sare. Hakuamini. Nikatamani kukimbia, Mama. Mimi ni baba, haya mambo ya miili ni ya mama yake. Nilikuwa na shati lenye maji mkononi na ningeweza kusema naenda kulikamua.

Badala yake nikamwambia kwamba mtu mwenye mistari kama yake alikuwa akiishi nyumba hii. Akauliza, "Shosho alikuwa na mistari?"

Nikamwambia yote. Mabega, viwiko, tumbo, kovu la mjomba wake. Nikamwambia sijawahi kuona mwili uliofanya mambo mengi hivyo. Alisikiliza akiwa ameshika kibanio cha nguo. Kisha akauliza kama uliona aibu.

Nikasema, "Ndiyo. Wiki mbili."

"Halafu?"

"Halafu akachoka nayo."

Jana alirudi nyumbani nywele zikiwa zinanuka dawa ya maji ya kuogelea. Alikula sahani mbili.

Hilo ndilo nililofanya na kilichokuwa chako, Mama. Kama hukupenda, nitalibeba. Lakini nakujua, na nadhani ungeuliza tu kama alijifunga kitambaa kichwani alipotoka majini kwenye baridi.

Pumzika salama. Tunakuja Wangige Jumamosi kupalilia kaburi, na Kariuki ataambiwa ukweli kuhusu nduma. Nami nakuahidi kitu kimoja, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kinawezekana. Wanjiku atazeeka. Siku magoti yake yatakapokataa, sitamwita mtu wala sitangoja mlangoni. Nitamwogesha binti yako mimi mwenyewe, kwa maji ya moto.

Mkwe wako,
Baba Nyambura